Furu Mia Tano na Jina Moja

Kila unapozuka mjadala wa istilahi za sayansi miongoni mwetu wapenzi wa Kiswahili, hoja moja hurudi ikiwa imevaa kanzu mpya. Husemwa kwamba uainishaji wa viumbe, ule wa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, ni mali ya Kilatini na ya Wazungu. Kwamba sisi tulikuwa na majina yetu ya asili, na yalitutosha, kabla Carl Linnaeus hajazaliwa. Kwamba malenga anayejishughulisha na majina ya Kilatini amejitia utumwani kwa hiari yake. Hoja hii hupigiwa makofi kila inapotolewa. Mimi naipinga, tena naipinga nikiwa Mkuyuni, kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo gharama ya kuiamini imekwisha kulipwa na viumbe wasiojua Kilatini wala Kiswahili.

Nikubali kwanza kilicho kweli ndani yake. Kiswahili huainisha, na mara nyingine huainisha vizuri mno. Tazameni jina punda milia. Kwanza limetaja kundi, punda. Kisha likataja sifa inayomtenga mmoja wa kundi hilo, milia. Huo ndio utaratibu uleule ambao Linnaeus aliusimika kwa wanyama katika toleo la kumi la Systema Naturae, mwaka 1758: neno la kwanza la jenasi, la pili la spishi. Tena lugha yetu imepatia, kwa kuwa wanasayansi nao humweka punda wa kubeba mizigo na punda milia katika jenasi moja, Equus. Jina la Kiingereza la mnyama huyo halina habari hiyo hata kidogo. Watu wa Kigoma nao wana sangala wao, sisi wa Mwanza tuna sangara wetu, na kweli wote ni wa jenasi Lates. Hata uyoga, ambao haukuingia ngeli ya M-MI pamoja na mkuyu na mwembe, wanabiolojia wameutenga na mimea tangu Robert Whittaker alipopendekeza himaya tano mwaka 1969. Hiyo ya uyoga ni sadfa tu, sidai kwamba wahenga walikuwa na darubini. Ila ni sadfa ya kufurahisha.

Wenye kujisifu hukomea hapo. Hawaendelei hadi kwa fisi maji, ambaye si fisi, bali ni ndugu wa nyegere na kicheche. Hawaendelei hadi kwa kambare mamba, yule ambaye wengine wa kandokando ya ziwa humwita kamongo. Huyu si kambare, na si mamba. Ana mapafu, na ukifuata nasaba yake hatua kwa hatua utakuta kwamba yu karibu zaidi na ng'ombe anayekunywa maji ufukweni, na karibu zaidi na wewe msomaji, kuliko alivyo karibu na kambare au sangara. Ndiyo maana wanasayansi wanaofuata njia ya Mjerumani Willi Hennig, wanaotaka kila kundi liwe na mzee mmoja pamoja na wazao wake wote bila kumwacha hata mmoja, husema kwamba samaki si kundi. Ukitaka samaki wawe ukoo mmoja kamili, huna budi kuwaingiza ndani yake kuku, chatu na washairi.

Je, basi tuache kusema samaki? La hasha. Neno hilo linatimiza kazi yake sokoni na jikoni. Dagaa vilevile. Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, ana unasaba na samaki wa jamii ya kapu. Dagaa wa Kigoma ni wa spishi mbili tofauti za jamii ya heringi, zilizo mbali naye kabisa. Kwetu sisi wote ni dagaa, kwa sababu ni wadogo, huanikwa juani na huliwa na ugali. Dagaa ni ngeli ya jikoni, na hakuna ubaya wowote katika ngeli ya jikoni. Ubaya huanza pale mtu anapochukua uainishaji wa sufuria akadai kwamba ndio uainishaji wa ziwa zima, na kwamba hakuna kilichobaki cha kutajwa.

Hapo ndipo nataka kuzungumza juu ya furu.

Muulize mama anayeuza furu waliokaushwa hapa Mkuyuni ni furu gani hao, atakujibu, "Furu ni furu, mwanangu." Kwa jambo moja mama huyo ana haki kuliko wengi waliosoma. Furu ni ukoo wa kweli. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa ziwa hili wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Nile ya juu na nyingine ya upande wa Kongo, zilizokutana na kuzaliana. Na ziwa lenyewe lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo mfupi tangu maji yaliporudi, ukoo huo ulijigawa ukawa spishi zinazokadiriwa kufika 500. Kwa saa ya jiolojia huko ni kupepesa jicho.

Lakini mia tano hao hawakuwa nakala za mmoja. Walikuwapo waliokwangua mwani juu ya mawe kwa meno yaliyopangana kama tupa. Walikuwapo waliovunja konokono kwa taya za kooni, na wengine waliomvuta konokono nje ya gamba lake bila kulivunja. Walikuwapo wala magamba ya wenzao, wala wadudu, wala tope, wala samaki. Na walikuwapo, hawa ndio wanaonishangaza kuliko wote, walioishi kwa kupora watoto. Furu jike huatamia mayai na vifaranga wake kinywani. Basi furu hao humfuata mama, humgonga au humnyonya mdomo mpaka ateme wanawe, kisha humeza walichokitema. Ukoo mmoja ulikuwa na mkulima, mwashi, mchuuzi na jambazi. Kwetu wote hao waliitwa furu, wakachemshwa pamoja.

Tangu mwaka 1977 kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwamo Frans Witte, lilifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza kuwachunguza furu. Walikutana na spishi nyingi kuliko walivyoweza kuzielezea rasmi, wakawa wanazipa majina ya utani ili mradi zisichanganyike katika daftari. Miaka hiyohiyo ya 1970 furu walikuwa wakivuliwa kwa meli za kukokota nyavu na kusagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, sangara akafurika. Alikuwa amepandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipofika wakati wake hapa Mwanza, furu waliokuwa wingi wa samaki wa ziwa walitoweka nyavuni. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea. Zipo zilizorudi baadaye, nyingine zikiwa zimebadilika umbo na chakula. Nyingi hazijarudi.

Mwaka 2013 furu wawili wa upande wa Tanzania, wala viumbe vidogo vieleavyo majini, walipewa majina yao rasmi ya kisayansi: Haplochromis argens na Haplochromis goldschmidti. Vielelezo vilivyotumika vilikuwa vimekaa chupani tangu kabla ya mafuriko ya sangara. Yaani walibatizwa baada ya kuzikwa. Huyo wa pili amepewa jina la Tijs Goldschmidt, mtafiti aliyekaa Mwanza na mwaka 1994 akaandika kwa Kiholanzi kitabu kizima juu ya furu wa ghuba hii, kitabu kilichotafsiriwa pia kwa Kiingereza. Naam, Kiholanzi kina kitabu cha maombolezo ya furu wa Mwanza. Mimi katika diwani zetu nilizozisoma nimekutana na mapenzi, siasa, dini, kifo cha mama, kifo cha baba, kifo cha Mwalimu. Utenzi wa furu sijaukuta.

Na msiniambie kwamba mlango ulifungwa na Kilatini. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina zinataka herufi za Kilatini na maneno mawili kwa spishi. Asili ya maneno hayo yaweza kuwa lugha yoyote ulimwenguni. Jenasi Tilapia, aliyoiandika Andrew Smith mwaka 1840, inasemekana jina lake limetokana na neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake walipochapisha maelezo ya furu waishio miambani, waliunda jenasi tatu mpya. Moja wakaiita kwa Kiyunani. Ya pili wakaiita Mbipia, kutokana na mbipi, neno la wavuvi wa huku kwa furu hao wa mawe. Ya tatu wakaiita Pundamilia, kwa ajili ya milia iliyosimama ubavuni mwao. Ndani yake kuna spishi iitwayo Pundamilia pundamilia, jina ambalo limeandikwa katika kitabu cha viumbe vyote vya dunia bila chembe ya Kilatini ndani yake. Yupo pia Mbipia mbipi. Na yupo yule ambaye Witte na mwenzake walimwelezea mwaka 1985 wakampa jina la Rais wa Tanzania wa wakati huo. Baada ya kuhamishiwa jenasi mpya akawa Pundamilia nyererei. Mwalimu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili ana furu wake, na jina la ukoo wa furu huyo ni la Kiswahili.

Mlango ulikuwa wazi, basi. Walioingia na maneno yetu mkononi ni wageni, na sisi tuko nje tunalalamikia kitasa.

Furu hao wawili, pundamilia na nyererei, ni somo kubwa kwa mtu wa lugha. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu. Dume wa pundamilia ana rangi ya kibuluu. Majike yao hufanana sana, nayo huchagua dume kwa kuitazama rangi. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, spishi hizo mbili husimama wazi, kila moja na kina chake. Ukiingia ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yana tope, tofauti hupungua kisiwa baada ya kisiwa. Na penye uchafu mwingi zaidi, kama kisiwa cha Luanso, humkuti huyu wala yule, bali kundi moja la rangi za katikati. Seehausen na wenzake walilitangaza jambo hili mwaka 1997, na mwaka 2008 wakalithibitisha kwa undani. Mbolea, udongo wa mashamba na majitaka yanayoteremka mitoni vinafuta spishi bila kumuua samaki hata mmoja. Jike haoni rangi, basi humchukua yeyote. Anayejua jinsi vina viwili vya karibu vinavyoyeyuka kuwa kimoja msomaji anapokosa sikio ataelewa haraka kuliko mhandisi.

Washairi hupenda kudai kwamba majina ya kisayansi hayaingii katika mizani. Yahesabuni haya: pu-nda-mi-li-a, mbi-pi-a. Mizani nane, kipande kizima, bila kukata wala kurefusha. Ubeti huu niliutunga kuthibitisha hilo tu, nanyi mtanisamehe ufupi wake:

Pundamilia, mbipia, majabali ni makao,
Macho hutumainia, kuchagua wenza wao,
Tope likishaingia, hupotea rangi zao,
Nani atawalilia, asojua jina lao?

Kuna watakaonijibu kwamba majina ya wanasayansi hayana msimamo. Ni kweli hubadilika. P. H. Greenwood, aliyewajua furu wa ziwa hili kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, aliigawa jenasi Haplochromis katika jenasi nyingi mnamo mwaka 1979 na 1980. Wengine hawakumfuata, na mpaka leo utakuta furu wa Nyerere akiandikwa Pundamilia kwa huyu na Haplochromis kwa yule. Linnaeus mwenyewe alimweka twiga katika jenasi ya kulungu wa Ulaya. Lakini hebu tuseme ukweli: kigeugeu hicho ndicho kinachonivutia. Jina la kisayansi ni dai, na dai laweza kupingwa kwa ushahidi. Mtu akisema kwamba kambare mamba ni kambare, Kiswahili cha kawaida hakina mahakama ya kumshtakia. Sisi ambao tumebishana miaka na miaka kama virusi "vinaenea" au "wanaenea" hatuna uso wa kuwacheka wanaobishana juu ya furu.

Wengine watauliza furu wana faida gani. Swali hilo, likitoka kwa mshairi, hunikera. Lakini nitalijibu kwa lugha ya wenye kuuliza faida: konokono wa ziwa hili ndio wabebao vimelea vya kichocho, na furu walikuwamo ambao chakula chao kilikuwa konokono. Inatosha.

Jambo lililo zito zaidi ni la mtoto. Mtoto wa Mkuyuni katika shule ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza hukutana na viumbe walewale kwa Kiingereza. Mtaa wake wenyewe umebeba jina la mti, mkuyu, ambao Linnaeus mwaka 1753 aliuita Ficus sycomorus na kuuweka jenasi moja na mtini. Mtoto huyo amesikia kanisani kwamba Zakayo alipanda mkuyu. Hajaambiwa popote kwamba mkuyu na mtini ni ndugu, wala kwamba katika maji anayoyaona kutoka dirishani ukoo mmoja umejigawa mara mia kadhaa. Hajaambiwa kwa sababu maneno ya kumwambia hatukuyatengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 TUKI walitoa kamusi yao sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ile ya istilahi za jumla ilikuwa njema, nayo ilituachia sisi kazi ya majina mahususi. Tuliilalia.

Sisemi kwamba mshairi ataamka asubuhi na kumtangaza furu mpya. Jina rasmi linahitaji maelezo yaliyochapishwa na kielelezo kilichohifadhiwa, na hiyo ni kazi ya wenye darubini. Ila jina la Kiswahili la kila furu halihitaji kibali cha Leiden wala muhuri wa Dodoma. BAKITA husanifisha kilichosemwa. Hakiwezi kusanifisha kimya. Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, mwendo mfupi kutoka hapa, na wavuvi wanaoweza kumtambua furu kwa kumshika gizani bado wapo. Tukae nao. Tufuate utaratibu wa punda milia, kundi kwanza, sifa baadaye.

Kwa upande wangu nimeanza. Mkwanguaji wa mwani nimemwita furu tupa. Mvunja konokono ni furu koleo. Yule anayemvuta konokono nje bila kulivunja gamba ni furu kibanio, ingawa najua kuna watakaosema kwamba kibanio na koleo vimekaribiana mno. Mla magamba ni furu mparuzi. Furu wa Nyerere sikumgusa, kwa kuwa jina analo tayari na ni zuri. Anayenishinda ni yule mpora watoto. Nilijaribu furu mporaji, nikaliona limepwaya, kwa sababu halimtaji mama wala kinywa chake. Nilijaribu furu mkamua, likanuka maziwa. Anayejua neno la Kikerewe, la Kijita au la Kisukuma kwa tendo la kumlazimisha mtu ateme alichokificha mdomoni, na alilete.